Programu Aliyoiondoa Kasiana

Harufu ilianzia kwenye kibodi. Ptu! Si vumbi, si waya kuungua, ni dagaa waliooza, ndani ya stesheneri ya watu pale Ruhuwiko! Kasiana, mwenye duka, akibonyeza herufi, kidole kinatoka na utelezi wa njano. Wateja wakawa wanasubiri nje, wameziba pua.

Kasiana alijua uchafu huo umeingiaje. Alikuwa ameweka programu ya bure ya kusafisha picha za zamani, akaijaribu kwa picha ya mama yake, Getruda, aliyekuwa hoi kitandani chumba cha nyuma, padri ameshampaka mafuta. Siku hiyohiyo mama akainuka, akaomba chai. Majirani wakapiga vigelegele.

Lakini harufu nayo ilianza siku hiyo, basi akaiondoa ile programu. Harufu ndiyo kwanza ikazidi. Akamwita Nassoro, fundi wa kompyuta hizi za Linux.

"Dada, umemtoa mgeni, mizigo yake umeiacha," Nassoro alisema, shati puani. "Programu haiji peke yake, inakuja na vifurushi inavyovitegemea. Kimoja kimebaki humu. Astaghfirullah! Hiki kinapumua!"

Kweli, spika zilikuwa zimechomolewa, lakini pumzi ilitoka humo, nzito, yenye makohozi, ikavuta, ikaachia, na kila ilipoachia ule uvundo uliwapiga usoni, ukawaingia mdomoni, hadi Kasiana akahisi ladha yake kwenye ulimi.

"Kitoe," alinong'ona.

Nassoro akaandika amri. Kompyuta, kama kawaida yake, ikauliza kwanza: kifurushi hiki kikiondoka, kinachokitegemea kitaondoka nacho. Kilichokitegemea kilikuwa kimoja tu. Getruda.

Kidole cha fundi kilishaanza kushuka kwenye ndiyo, maana mafundi hawa hawasomi, wanakubali tu. Kasiana akamdaka mkono.

"Dada, hilo ni jini!"

"Najua. Nenda zako, fundi. Tafadhali."

Nassoro hakungoja kuambiwa mara mbili.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama akaingia na bakuli la kande, ananuka kuliko kompyuta.

"Mwanangu, umekonda. Huli."

Akatia kande mdomoni mwake mwenyewe, akazitafuna polepole, akazitema kiganjani zikiwa rojo la njano linalovutika, akazisogeza kwenye midomo ya bintiye. Kasiana alisikia kinyaa mpaka machozi yakamtoka. Akafumba macho, akapanua mdomo, akameza.

"Asante, mama," akasema. "Niongeze."