Kicheko cha Maman Marcelline

"Weye papa! Nani alikuambia upige mama yangu picha?"

Soko la Kadutu lilikuwa limefurika asubuhi ile. Pikipiki zilipiga honi, wauza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, waliitana, matope yalifika vifundoni. Apolline, viatu mkononi na kikwembe cha manjano kimepandishwa hadi magotini, alimkazia macho kijana aliyesimama juu ya ngazi za saruji. Kijana alikuwa ameinamisha kamera kuelekea akina mama wabebaji waliokuwa wakipanda kilima, kila mmoja amejikaza na mugozi, ile kamba ya kubebea inayopita kwenye paji la uso.

Kijana alishusha kamera. Alikuwa mrefu, na shati lake jeupe lilikuwa bado na mikunjo ya pasi.

"Mama yako ni yupi?"

"Ule anacheka."

"Bote banacheka."

"Basi bote ni mama yangu. Shuka!"

Alishuka. Aliitwa Hervé, na alikuwa akitengeneza filamu fupi juu ya wabebaji. Maman Marcelline, mama yake Apolline, alimpima toka viatu hadi nywele.

"Mutoto muzuri," aliwaambia wenzake, "lakini mikono iko laini kama ya padri."

Walicheka mpaka mizigo ikatikisika. Apolline naye alicheka, ingawa alikuwa bado anataka kukasirika.

Baada ya hapo Hervé alimpeleka kwenye klabu ya filamu ya Papa Gracien, kule Nyawera. Desturi ya klabu ilikuwa moja: filamu ikiisha, mwanzo wake unarudiwa, kisha mtu mmoja anasimama kuuchambua. Kamera, sauti, hisia. Kubembeleza ni marufuku. Haukupita muda, Apolline akawa ndiye wanayemwogopa. Hervé alimwachia kinasa sauti, naye akawa anapanda kilima pembeni ya mama yake, akinasa pumzi, matope na utani. Jioni simu za mapenzi za Hervé zilifuata.

"Sheri, unafanya nini?"

"Nasikiliza."

"Mimi?"

"Mvua kwenye bati. Weye utangoja zamu yako."

Siku ya kuonyesha filamu ilifika. Hervé alikuja na koti jipya la buluu, akamtunzia Apolline kiti cha mbele. "Mwanzo ni wako," alimnong'oneza. "Usinionee huruma."

Maman Marcelline alikaa nyuma, na kikwembe chake cha misa.

Taa zilizimwa. Kwenye pazia migongo ilipanda kilima, imeinama, inaonekana kutoka juu kabisa. Hakuna pumzi, hakuna matope. Kinanda tu, polepole, cha huzuni. Apolline alingoja kicheko cha mama yake. Hakikuja.

Mwanzo uliporudiwa, sauti ya Maman Marcelline ilisikika kutoka nyuma, ya chini, ya kuuliza kweli:

"Na tulikuwa tunalia kilio cha nani?"

Apolline alisimama. Alijua anaweza kumpoteza mwanaume huyu, lakini hakurudi kukaa.

"Kamera iko juu," alisema. "Tunaona migongo, hatuoni uso hata mmoja. Anayetazama hivyo amesimama mahali pakavu. Sauti: hawa mama walitaniana njia nzima, nilikuwepo. Yote imefutwa, pamewekwa kinanda. Kadutu hakuna kinanda. Hisia ni huruma, lakini ni huruma ya mtu ambaye hajawauliza hata majina."

Hervé aliokota koti lake, akatoka kwenye mvua.

Simu ilinyamaza siku nyingi. Ilipolia, Apolline aliipokea kabla ya mlio wa pili.

"Ulinipigisha haya mbele ya batu bote," Hervé alisema.

"Nilikuumiza, na kwa ile naomba pole. Lakini siondoi hata neno moja."

"Unajua kwa nini niliondoa kicheko? Niliogopa batu ba mbali batasema: banacheka, basi hawateseki."

Apolline alikaa kitandani. Muda wote alidhani Hervé alitafuta machozi ya wageni tu.

"Ungeniambia."

"Ungeniuliza, kabla ya kusimama."

"Ni kweli. Nilipaswa kuuliza." Alivuta pumzi. "Lakini mama anateseka na anacheka, Hervé. Ukimuondolea kimoja, haiko yeye tena. Rudi Kadutu. Kaa mbele yake. Na safari hii, ruhusa uombe kwake."

Simu ilikatwa bila kwaheri.

Halafu, asubuhi moja: "Njo sokoni. Lete masikio."

Alimkuta ameloa matope hadi kiunoni, koti la buluu halitambuliki, na alama nyekundu ya kamba kwenye paji la uso. Bila salamu alimvalisha vipokea sauti, akamwonyesha kioo cha kamera.

Kamera ilikuwa chini, karibu na matope. Uso wa Maman Marcelline ulipanda polepole kuelekea kwake, unang'aa jasho. Pumzi. Mguu ukinasuka topeni. Kisha sauti ya Hervé, yeye mwenyewe haonekani:

"Maman, naomba ruhusa."

"Ya picha? Nilishakupatia."

"Hapana. Ya kuja kwenu na wazee wangu, juu ya Apolline."

Hatua zilisimama. Maman Marcelline alitazama kamera, akaitazama tena.

"Beba kwanza huu muzigo mpaka kule juu. Halafu tutaongea."

Na kicheko kikapasuka, cha wote, kikaijaza picha.

Apolline alivua vipokea sauti. Mama yake alikuwa palepale pembeni, akirekebisha mugozi kama mtu asiyeona kitu.

"Basi?" Hervé aliuliza. "Chambua."

"Kamera imeshuka. Sauti iko safi." Alimpangusa tope shavuni kwa kidole gumba. "Lakini kuna mutu mmoja anaongea nyuma ya kamera kama mwoga. Uso wake sijauona."

Akaichukua kamera mikononi mwake, akamwelekezea lenzi.

"Sema tena, nikuone."

Hervé alifuta paji la uso, akatazama lenzi, akasema tena, kwa sauti iliyowafikia hata wauza sambaza.