Mtungi wa Barabara ya Paita

"Samaki wameanza kunuka."

Nélida Purizaca, afisa wa polisi, aliisikia ishara hiyo ya siri redioni, akakanyaga mafuta. Maana yake ilikuwa moja: lori la barafu limeondoka bandarini Paita, na ndani yake umo mtungi wa sumu inayotumiwa na watengeneza makombora.

Hilux ilichana jangwa. Jua la adhuhuri liliwaka.

Akalikuta lori limesimama kando ya barabara. Dereva, mzee Eleuterio Fiestas, alikuwa amefungwa pingu kwenye mlango wa nyuma. Mbele kulikuwa na vumbi la pikipiki nyekundu. Lindorfer, mwenye magendo, alikuwa anatoroka.

Eleuterio alikuwa mtoa habari. Nélida ndiye aliyemshawishi kuifanya kazi hiyo.

"Kanigundua, binti yangu," mzee alisema akikohoa. "Kazima friza. Barafu yote kaimwaga."

Risasi moja ya bastola yake ya Beretta ikakata mnyororo wa pingu.

Nélida akachungulia kidirisha cha mtungi. Kwenye baridi, kimiminika kile huwa karibu hakina rangi. Sasa gesi ya kahawia ilitanda juu yake. Valvu ilikuwa inavuja.

"Lindorfer anaelekea Piura, pikipiki nyekundu," aliarifu redioni.

"Mfuate!" Komandante Otiniano, mkuu wake, alifoka. "Mtungi waachie wataalamu. Dakika arobaini tu watafika."

"Hautangoja. Joto linapasua molekuli, moja inakuwa mbili. Presha inapanda."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaupoza. Zitaungana tena."

"Purizaca, hiyo ni amri!"

Akazima redio.

Lori la samaki likatokea. Akasimama katikati ya barabara, bastola mkononi.

"We mama, una wazimu?" dereva alipiga kelele. "Hawa samaki wa perico wanangojewa sokoni!"

"Samaki baki nao. Nipe barafu."

"Mzee, kaa mbali!" Nélida alimwambia Eleuterio. Mzee hakusikia. Alishika koleo.

Walifukia mtungi, koleo baada ya koleo, macho yakiwachoma.

Kahawia ikafifia. Ikawa njano. Valvu ikanyamaza.

Akawasha redio.

"Lindorfer kanaswa kizuizini," Otiniano alisema kwa ubaridi. "Una bahati."

Ambulensi ilifika. Eleuterio alilala kwenye machela, midomo ikianza kuwa ya buluu kwa gesi aliyoivuta.

"Uliniambia kazi hii haina hatari," alisema.

Nélida alitafuta uongo mwingine. Hakuupata.

"Nilikudanganya, mzee wangu."

Mlango wa ambulensi ukafungwa. Alirudisha bastola kiunoni, akatembea taratibu hadi kwenye Hilux, akavaa miwani ya jua.