Mapokezi ya Mama Kavindu

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tisa na dakika kumi alasiri, ndipo nyumba yetu ya Ukunda ilipobadilika. Nasema polepole nisije nikaongeza neno, maana Mungu ananisikia.

Siku hiyo nilitoka zamu ya asubuhi katika hoteli ya Diani ninakofua mashuka. Nilimkuta mume wangu, Ndambuki, barazani na kompyuta yake. Kazi yake ilikuwa kujaribu programu kabla haijaanza kutumika. Hii ilikuwa ya hoteli, ya kuandikisha wageni na kuwagawia vyumba. Alinieleza kwamba ni lazima aifungue kama watu mbalimbali, kila mtu na akaunti yake. Mara yeye ni mpokezi, mara msimamizi wa vyumba, mara meneja. Kila mmoja ana ruhusa zake, na yeye anatazama nani amevuka mpaka.

"Leo nimekuwa watu wanne," akaniambia, "na wote wana njaa."

"Basi mgawane. Ugali nimepika wa mtu mmoja."

Tulicheka. Nashukuru kwamba tulicheka.

Programu ilidai kila akaunti iwe na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na picha ya uso, na uso mmoja haikuukubali mara mbili. Kwa hiyo Ndambuki alikuwa amechukua vile vijitabu vya ibada za mazishi ninavyovihifadhi ndani ya Biblia. Vina majina, tarehe na picha. Alisema walio hai wangeuliza maswali. Mama yake, Kavindu, tuliyemzika miaka mitatu nyuma, akampa mapokezi. Mzee Munee wa jumuiya yetu akampa vyumba. Neno la siri la kila mmoja lilikuwa tarehe aliyokufa.

Jirani yetu Amin, Mdigo aliyefanya naye kazi hiyo, alipiga hodi akaketi. Alipoziona zile picha aliinama kuzitazama.

"Ndambuki, hawa si marehemu?"

"Ni majaribio tu."

"Sisi marehemu tunamwombea dua. Hatumtumi kazi. Wafute, ndugu yangu."

"Nyinyi Wadigo sasa mnaogopa hata kompyuta?"

Amin hakucheka. Aliniaga mimi tu, bila kumuaga mume wangu.

Nilikuwa jikoni nilipoitwa. Sauti ilikuwa ndogo.

"Mumbe. Njoo usome."

Nikasoma. Mgeni: Ndambuki, mtu mmoja. Kuwasili: Ijumaa, tarehe 14, saa tisa na dakika kumi alasiri. Kuondoka: pameachwa wazi. Aliyeandika: Kavindu.

"Umeandika wewe?"

"Sijaandika. Na hapo pa kuondoka hapaachwi wazi. Nimepajaribu mara ishirini, programu inakataa."

Kwa Mama Kavindu ilikuwa imekubali.

Akafuta. Haikufutika. Akaingia kama meneja, ikamjibu kwamba aliyeandika ndiye peke yake awezaye kufuta. Hapo mimi ndimi niliyesema, na neno hilo naliungama kila Jumamosi: "Basi ingia kama mama, ufute."

Aliandika ile tarehe ya kifo. Jibu likaja.

Mtumiaji huyu yumo ndani tayari.

Ndambuki akatafuta mama ameingia kwa mashine gani. Palikuwa na mstari mmoja tu.

Kompyuta hii.

Aliizima. Akaifungia kabatini. Jumatano Amin alijaribu kufuta kwa mashine yake mwenyewe, akarudi akisema, "Shemeji, bado yumo." Alhamisi mume wangu hakula. Alivaa shati la Jumapili, na nilipomuuliza, alisema hajui kwa nini amelivaa.

Ijumaa nilimpeleka kanisani Msambweni, mbali na kabati lile. Nilijua ninachokipigania. Ikipita saa tisa na robo, nimempata. Tuliketi benchi la mbele. Nilimshika mkono wa kulia kwa mikono yangu yote miwili. Rozari tuliisali mara tatu. Hakuumwa. Hakukohoa.

Kisha akainua kichwa.

Alitazama mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Ii, mwaitu," akasema, kama tunavyomwitikia mama kwetu Ukambani.

Mkono ukawa mzito. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa tisa na dakika kumi.

Hospitalini walisema ni moyo. Sikubishana nao.

Baada ya mazishi, Amin alikuja kunisaidia kuyaondoa yale majina. Yalifutika yote bila shida, hata la Mama Kavindu. Lakini ile taarifa ya mgeni ilibaki. Sasa iliandikwa kwamba amewasili, kwa saa ile ile. Na chini, pale mgeni anapotia sahihi kwa kidole, palikuwa na sahihi. Ilikuwa ya mume wangu, ile herufi ya kwanza yenye mguu mrefu. Alikuwa anatia sahihi kwa mkono wa kulia, na wakati ule mkono huo nilikuwa nimeushika mimi.

Amin aliniuliza kama namjua aliyempokea. Mahali pa jina la aliyempokea palikuwa patupu.

Ee Bwana, Ndambuki alikuwa mtu wako tangu ubatizo. Alikosa kwa kutojua, nami nilimsukuma. Popote alipofikishwa, mfuate Wewe. Mtoe katika kila mlango usio wako, umpokee Wewe mwenyewe, umpumzishe kwa amani. Amina.