Begimai na Moto wa Buluu

Majira ya baridi kijijini kwetu, mtu wa kwanza kuamka alikuwa mama. Kila asubuhi, nikiwa bado nimejikunja ndani ya blanketi, nilisikia koleo likikwangua majivu ndani ya jiko. Nikilisikia tu, nilijua mama ameshakanda unga, ameshatoka uani kuvunja barafu kwenye pipa la maji, na ameshagombana na jogoo. Siku hizi mimi nina watoto wawili na jiko la umeme, na jioni nachoka hoi. Mama alikuwa na sisi wanne, ng'ombe watatu na jiko la makaa ya mawe, na baba alikuwa mbali malishoni na farasi hadi theluji iyeyuke. Sijui alifanyaje, na namvulia kofia mpaka leo.

Wa kwanza wetu alikuwa dada Begimai, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Mimi, Maksat, nilikuwa na miaka saba, na Aizirek alikuwa na mitatu. Kitinda mimba wetu, Elnur, alikuwa na miezi minane na bado alilala kwenye beshik, kile kitanda kidogo cha kubembea ambamo mtoto hufungwa kwa mikanda ya kitambaa na kufunikwa kwa shuka juu. Begimai aliweza kubembeza beshik kwa mguu, kumenya viazi kwa mikono na kunigombeza kwa mdomo, vyote kwa wakati mmoja. Nilimwogopa kidogo na kumpenda sana.

Jumamosi moja ilikuwa zamu yetu ya sherine. Wakati wa baridi kazi za nje hupungua, basi wanawake wa mtaa wetu hukaribishana kwa zamu, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Hula, huimba na kusengenya mpaka machozi ya kicheko yawatoke. Mama alitaka kuwakaangia boorsok, vile vipande vya mkate vinavyofura kwenye mafuta, na donge la unga alikuwa amelifunika kwenye bakuli kubwa kando ya jiko.

"Begimai, mkono wangu wa kulia," mama alisema huku akifunga shali kichwani, "nawapeleka ng'ombe mtoni wakanywe. Barafu ya leo itanichukua muda kuitoboa. Watazame wadogo zako. Na kibamba?"

"Hakiguswi mpaka moto wa buluu uishe," dada alijibu.

"Ukiisha?"

"Nakusubiri wewe, mama."

Kila mtoto wa kwetu anakijua kibamba. Ni kile kipande cha chuma kinachoziba njia ya moshi ndani ya dohani. Kikiwa wazi, moshi hupaa nje na joto zuri huondoka nao. Kikifungwa, joto hubaki ndani na kuta za jiko hukaa na moto mpaka jioni. Ndiyo maana kila mwenye kubana makaa yake huwa na hamu ya kukifunga mapema. Lakini maadamu kuna ndimi ndogo za buluu zinazocheza juu ya makaa, sumu bado inatoka, nayo haina rangi wala harufu.

Mama alipoondoka, Begimai alifunua bakuli akalitazama donge. Lilikuwa limelala chini, gumu, halijapanda hata kidogo. Dirishani barafu ilikuwa imeota kwa upande wa ndani. Jumamosi iliyopita, kwa jirani, boorsok zilikuwa nyepesi na wanawake wote walizisifu. Dada aliwaza mama akitafuna boorsok ngumu mbele ya wageni, na moyo ukamuuma. Aliwaza pia mama akirudi na vidole vilivyokufa ganzi, akute nyumba ina joto na unga umefura. Hapo mama angesema tena yale maneno ya mkono wa kulia, safari hii mbele ya watu wote.

Akachungulia ndani ya jiko. Makaa yalikuwa mekundu kila mahali. Nyuma kabisa, kwenye kona, ndimi za buluu zilibaki mbili au tatu.

"Ni mbili tatu tu," alijiambia, na akakisukuma kibamba kikafunga.

Mimi sikuona. Nilikuwa nimejificha nyuma ya marundo ya magodoro na mfuko wa kurut, vile vidonge vikavu vya maziwa ya chumvi ambavyo mama aliviweka kwa ajili ya wageni. Kurut haina mwisho mzuri. Ukila moja unataka ya pili, na ukila ya pili huhesabu tena. Aizirek alinifuma, nikampa mbili anyamaze. Nilipoinua shuka ya beshik, Elnur naye alinitazama kwa macho ya kuomba, nikamlambisha kidogo.

Baada ya muda chumba kilipata joto zuri. Donge lilianza kupanda na kuinua kitambaa. Aizirek alilala sakafuni juu ya zulia la sufu, mashavu yake mekundu, mwanasesere mkononi. Elnur alinyamaza kimya kwenye beshik. Dada alituangalia kwa fahari, maana nyumba yetu haikuwahi kutulia hivyo mchana hata siku moja. Kichwa kilikuwa kinamgonga, lakini alidhani ni kwa sababu ya kuamka mapema.

Kisha nikatapika juu ya zulia.

"Maksat! Mwizi mkubwa wewe, umekula kurut za wageni!"

"Moja tu!"

"Moja? Mbona mfuko umebaki nusu? Toka hapo! Aizirek, amka usogee, kaka yako amechafua. Aizirek!"

Aizirek hakuamka. Dada alimwinua mabegani na kichwa chake kikaanguka upande. Hapo Begimai alilitazama jiko, na akaelewa. Alikimbilia kibamba akakivuta wazi, kisha akatoka mbio bila koti kuvuka ua hadi kwa Bibi Burul.

Bibi Burul alikuwa muuguzi mstaafu wa zahanati yetu. Alikuja na mkoba wake, miguuni amevaa viatu vya mumewe, mkono mmoja wa koti ukiburuta kwenye theluji. Kabla hata ya kutugusa, aliangalia dohani.

"Nani amefunga kibamba?"

"Hakuna, bibi. Kiko wazi, kione."

"Nakiona. Nauliza, hakikufungwa kabisa leo?"

"Hapana," Begimai alisema.

Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba neno lile lilitoka lenyewe. Aliogopa. Akilini alimwona mama akisikia habari hizi, na aliona jina lake zuri likianguka mbele ya mtaa mzima. Alijiambia kwamba kibamba ameshakifungua, kwa hiyo mambo yatakuwa sawa hata asiposema.

Bibi Burul alinigeukia. "Na wewe, unanuka chumvi. Umekula nini?"

"Kurut."

"Ngapi?"

"Sikuhesabu, bibi."

"Wadogo zako uliwapa?"

"Aizirek mbili. Elnur alilamba tu!"

"Lo! Mtoto wa miezi minane?" Bibi Burul alitikisa kichwa. "Basi ni matumbo haya, wamekula kitu kilichoharibika. Begimai, funga huo mlango vizuri, watoto wasipigwe na baridi. Ongeza makaa jikoni, unichemshie maji ya kuwapa na chumvi."

Nilisikia maneno hayo nikiwa nimekaa ukutani, kichwa kikizunguka, na nikaanza kulia kwa sauti. "Bibi, nimewaua? Nimemuua Elnur?"

Dada alikuwa ameshika koleo la makaa. Alinitazama mimi, akatazama beshik iliyofunikwa, ambayo ndani yake hakukuwa na hata mnong'ono. Mlango alikuwa ameshaufunga. Kama angetia makaa yale mapya, tungekaa wote ndani ya chumba kilekile chenye hewa ileile.

Alitupa koleo chini.

"Bibi, nimekudanganya! Mimi ndiye niliyekifunga. Moto wa buluu ulikuwa bado. Nimekifungua nilipokuja kukuita. Maksat hana kosa!"

Sijawahi kumwona mzee akienda kasi namna ile. Bibi Burul aliupiga mlango teke ukafunguka, baridi ikaingia ndani yote. "Madirisha! Nje, nje wote! Wewe chukua Aizirek, mfunge kwenye ngozi ya kondoo. Maksat, tambaa kama huwezi kutembea!" Yeye mwenyewe aliiondoa shuka ya beshik, akaikata mikanda kwa mkasi wake na kumtoa Elnur, ambaye alikuwa mwekundu na mlegevu.

Tulikaa uani juu ya sleji ya kubebea nyasi, tumefunikwa manyoya, nyuso zetu wazi kwenye hewa kali. Aizirek alikohoa, akafungua macho na kuuliza mwanasesere wake yuko wapi. Bibi Burul alikuwa akimsugua Elnur mgongo na nyayo, akimwita kwa jina lake, akimpulizia usoni. Begimai alisimama mbele yao bila koti, akitetemeka, na kila mara midomo yake ilirudia "tafadhali, tafadhali". Elnur akakunja uso. Kisha akalia kilio kirefu chenye hasira, na mbwa wote wa mtaa wakaanza kubweka.

Wakati huohuo mama aliingia getini na ng'ombe. Aliona mlango wazi, madirisha wazi na watoto wake kwenye theluji. Ndoo mbili za maji alizobeba zilimwanguka.

Jirani mwenye gari alitupeleka hospitali ya wilaya. Tuliwekewa hewa safi ya mtungi puani, mmoja mmoja, na daktari alisema tungelala pale tuangaliwe mpaka kesho. Sherine ilisogezwa hadi wiki iliyofuata na hakuna aliyelalamika. Mama alikaa kati ya vitanda vyetu na Elnur mapajani, kiganja kimoja kikiwa kifuani mwa mtoto kuhakikisha anapumua.

Begimai alisimama mbele yake. "Mama, nipige."

Bibi Burul, aliyekuwa amekaa dirishani na viatu vyake vikubwa, ndiye aliyejibu kwanza. "Asikupige, usikilize. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na miwili. Sumu ya makaa naijua, na ninajua la kufanya. Lakini uliponiambia 'hapana', ulinifunga macho. Mimi muuguzi mzima niliagiza mlango ufungwe na makaa yaongezwe! Ningewamaliza watoto hawa kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikidhani nawatibu. Kosa la kibamba lingetibika. Uongo wako ndio uliokaribia kuwaua."

Dada alilia kimyakimya. "Nilitaka unga ufure. Nilitaka mama afurahi. Halafu niliogopa hataniita tena mkono wake wa kulia."

Mama aliinua kichwa. Sauti yake ilikuwa ya chini, imekwaruza kwa kulia.

"Kaa hapa. Kuna jambo sijawahi kukuambia. Nilipokuwa mke mpya katika nyumba ile, nilikuwa na haraka kama yako. Asubuhi moja kulikuwa na baridi kali, na mama mkwe wangu alikuwa anakuja. Nikakifunga kibamba, moto wa buluu bado unacheza."

"Wewe, mama?"

"Mimi. Nilipoona mtoto haamki, nilitoka nje bila shali wala viatu, nikapiga kelele: nimefunga kibamba, nimefunga kibamba! Mtaa mzima ulisikia. Mama mkwe alisikia. Walinicheka majira yote ya baridi, na mpaka leo kuna wanaonitania. Lakini Bibi Burul alisikia pia, na alijua mara moja la kufanya."

Bibi Burul aliitikia kwa kichwa. "Sauti yako ilifika mpaka zahanati."

Mama alimvuta Begimai karibu, akamfuta uso kwa ncha ya shali. "Sikuiti mkono wa kulia kwa sababu hukosei. Kila anayefanya kazi nyingi atakosea. Nataka tu ukikosea useme papo hapo, kwa sauti, hata kama ni aibu na hata kama watakucheka mwaka mzima. Leo ulichelewa kusema, na nusura tulie msiba. Kisha ulisema, kabla hujatia yale makaa, na hilo nalo nimeliona."

"Na yule mtoto wa siku ile," dada aliuliza, "alipona?"

Mama alimshika dada mashavu yote mawili.

"Nimemshika hapa," alisema.