Kijani cha Dirisha la Kaskazini

Jumamosi, saa tatu kasoro robo asubuhi, Olwen Tranter, mtunzaji wa ukumbi wa kanisa pale kijijini Wordsley, alikuta kabati la maonyesho liko wazi. Chombo cha maua cha Mabel Hingley hakikuwapo. Kufuli halikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Ukungu ulikuwa bado umelala mtaani, na watu wa kwanza walishapanga foleni nje kusubiri maonyesho yafunguliwe saa nne. Sajini Pardoe aliuliza habari za funguo. Zilikuwa mbili tu: mmoja wa Olwen, mwingine wa Clement Round, mwenyekiti wa chama cha wakusanyaji wa vioo vya kijani.

"Wangu umelala kwenye droo nyumbani," alisema Clement.

"Na wangu ninao mfukoni," alisema Olwen. "Basi ndiyo nimeshakuwa mwizi?"

Sajini alimkalisha kando, karibu na mlango, na watu wa foleni wakamwona kupitia kioo wakaanza kunong'ona. Mabel, aliyekuwa ameshafika, aliumia kwa hilo kuliko alivyoumia kwa kuibiwa. Olwen alikuwa rafiki yake wa miaka thelathini.

Mabel mwenyewe alikuwa na miaka sabini na miwili, na arobaini kati ya hiyo aliimaliza kiwandani akichanganya rangi za kioo. Siku moja alikosea vipimo, na marehemu mumewe Horace akapuliza chombo kimoja kutoka katika mchanganyiko huo. Rangi ile hawakuipata tena, ikabaki hadithi ya bonde lile. Tangu Horace afariki, kila asubuhi Mabel alikunywa chai akitazama kijani hicho kikiamka polepole kwenye dirisha la kaskazini, na kwa muda huo hakujihisi mjane. Kilitoka nyumbani mara moja tu, jana saa kumi na mbili jioni, giza la Novemba likiwa limeshaingia. Saa moja kabati likafungwa.

Mwingine aliyeshukiwa alikuwa Bloomer, mchuuzi wa vitu vya kale, aliyemganda Mabel jana jioni akitaka kukinunua kwa bei ya kutupa.

"Sajini, mimi naiba kwenye bei tu," alisema Bloomer. "Gari langu liliharibika jana usiku mjini Kidderminster, nimelala kwa fundi. Mpigie simu. Halafu niibe kile kwa lipi? Kijani cha njegere, kama vingine mia."

Sajini akapiga simu. Fundi akathibitisha.

Picha ya chombo haikuwapo, kwa hiyo Sajini alitaka rangi. Chamani hawaelezani rangi kwa maneno, maana kijani cha jani kwa huyu ni cha tufaha kwa yule. Huichora katika mraba mdogo kwenye kadi nyeupe. Clement, ambaye mkono wake uliaminiwa na wote, alikunjua brashi zake karibu na kioo cha mlango na katika dakika kumi akamaliza.

Mabel aliishika kadi kwenye mwanga wa mlango. Ukumbi ulififia, sauti zikawa mbali, na kwa kitambo alikuwa jikoni kwake, birika likichemka. Alipozinduka alikuwa tayari anajua, na alitamani asijue.

"Clement, ulikiona lini chombo changu?"

"Jana, kama wenzangu."

"Kwangu umewahi kuja?"

"Hujawahi kunialika, Bi. Mabel."

"Olwen, jana kilikuwa na rangi gani?"

"Njegere za kuchemsha," alijibu Olwen. "Nilishangaa. Nikija kwako mchana hakiko hivyo."

"Ni taa hizi," alisema Mabel. "Ni za manjano, na manjano huimeza bluu. Bluu ya kile chombo hutoka mchana tu, kwenye dirisha la kaskazini. Sasa njooni hapa mlangoni muitazame kadi ya mwenyekiti."

Bluu ilikuwapo, imetulia ndani ya kijani, kweli tupu. Clement alianza kukunja brashi zake.

"Nimekiweka dirishani kwangu, kizima," alisema. "Nilikuja kukichukua saa moja asubuhi, kabla hakujakucha. Kitabu changu cha rangi kinachapwa mwezi huu, Mabel. Ni kazi ya miaka thelathini. Nimeandika humo kwamba rangi hiyo ni hadithi tu, haikutengenezwa bonde hili. Nilitaka nihakikishe kwa mwanga wa mchana. Kulipokucha nikaiona, nikajua nitachekwa."

"Sasa mbona umeichora sawasawa?" aliuliza Sajini. "Ungechora njegere tungekuamini."

"Kwa mdomo niliweza kudanganya. Mkono umekataa."

Olwen alisimama.

"Wale nje wameniona nimekalishwa hapa," alimwambia Clement. "Waambie wewe. Sitaki aseme Sajini."

Clement alifungua mlango. Ukungu ulikuwa unainuka, na kwenye foleni kulikuwa na karibu wote waliomjua.

"Olwen hakuiba," alisema. "Nimeiba mimi."

Hakuna aliyecheka.