Leso ya Kumbebea Kombe

Dada yangu Mejumaa alihama Jumamosi asubuhi, jua likiwaka vizuri. Kazi ya mkataba ya mumewe, Dzoro, ilikuwa imeisha bandarini, wakaona bora waache nyumba yao kubwa ya Makupa wachukue chumba kimoja cha ghorofani, Mji wa Kale. Chumba kimoja kitabeba nini? Kwa hiyo Mejumaa aligawa: makochi, kabati la vyombo, mpaka kinu. Namjua dada yangu, akishaanza kugawa hashikiki.

Mwanawe, Kombe, alikuwa akikimbia kwenye sebule tupu na kuifurahia sauti yake ikimrudia. Alikuwa na miaka miwili. Alipatikana baada ya mimba mbili kuharibika, na Mejumaa alimpenda hadi akatutia hofu.

Mkokoteni ulipokaribia kujaa, mwanamke mmoja alisimama mlangoni, mpole, amejitanda vizuri. Mejumaa alimdhania jirani wa mtaa wa nyuma, akamwambia achague apendacho. Yule mgeni hakutazama vyombo. Alionyesha leso kuukuu juu ya rundo la nguo, ile aliyobebewa Kombe tangu atolewe nje siku ya arobaini.

"Nipe hiyo," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe hubebi tena."

Kwetu leso ya mbeleko haitoki mkononi mwa mama kabla mtoto hajaanza kung'oa meno. Huifua akaificha chini kabisa ya sanduku. Mama yetu alitufundisha hivyo, na Mejumaa alilijua hilo vyema. Lakini alikuwa amechoka, na mkono uliozoea kutoa tangu alfajiri ukatoa. Nilikuwa nimeinama nafunga masufuria. Nilipoinuka na kutoka mbio, kichochoro kilikuwa kitupu, na mwishoni mwake palikuwa na gofu tu lisilo na paa.

Dzoro alicheka, akasema ni kitambaa tu.

Siku za mwanzo huko Mji wa Kale zilikuwa njema. Kisha Kombe akaacha kutembea. Alisimama mbele ya ukuta, akainua mikono, akangoja. Baadaye alilaza shavu upande mmoja akasinzia vivyo hivyo, wima, na hakuanguka. Jioni tulipomwogesha tulikuta alama nyekundu chini ya makwapa, zile zinazoachwa na leso iliyokazwa.

Daktari alisema mtoto ni mzima. Mchungaji wetu aliomba hadi sauti ikakauka. Mzee Sabir wa ghorofa ya chini naye alipanda ngazi akamsomea Kurani, kisha akashuka bila kututazama usoni. Na kila tulipombeba, Kombe alikuwa mwepesi zaidi. Mejumaa alimlisha uji mchana kutwa, akilia.

Ijumaa ikafika. Wanaume wa mtaa walikuwa msikitini, kichochoro kimya. Mlango tuliufunga kwa komeo, kwa mazoea ya kuogopa mtoto asiporomoke ngazini. Mejumaa alikuwa amempakata mwanawe, mimi nachagua mchele.

Kombe akainua mikono.

"Mgongo," alisema.

Mejumaa alimkaza. Miguu ya mtoto ikapanda. Taratibu. Magoti yakakunjuka, yakatanuka, yakakumbatia kitu. Nilitupa ungo, nikashika mguu wake. Vidole vyangu viligusa mgongo wa mtu. Ulikuwa na joto. Ulikuwa na jasho. Sikuona mtu. Nilivuta. Mejumaa alivuta. Kombe hakulia, alikuwa ameshalala.

Kisha tukajikuta tumeshikana mimi na dada yangu, na hatuna mtoto. Komeo lilikuwa mahali pake.

Polisi walituhoji, wakaturudia tena na tena. Dzoro alitafuta mpaka ufukwe wa Kibarani, akipekua takataka kwa mikono. Sasa hacheki.

Ijumaa iliyofuata tuliikuta leso juu ya dari, kwenye paa bapa penye kamba ya kuanikia nguo. Katikati ilikuwa imelowa. Mejumaa alipeleka pua. Ulikuwa mkojo wa mtoto, bado una moto. Jioni leso haikuwapo.

Huja kila Ijumaa. Mimi nauza leso Biashara Street, na kitambaa nakisoma kwa mkono. Mahali palipofungwa fundo huacha mkunjo. Mwanzo mkunjo ulikuwa mbali na pembe. Kila wiki unasogea pembeni kidogo, kwa kuwa kitambaa kinachobaki cha kufungia kinapungua. Anayebebwa anakua.

Ijumaa ya juzi niliona dada yangu amekonda kwa kungoja Ijumaa, nikashindwa kuvumilia. Nilipanda darini na kiberiti, nikamwambia tuichome, tumalize.

Mejumaa aliishika leso kifuani, ikamlowesha gauni.

"Na mwanangu abebwe na nini?" aliuliza.

Nilirudisha kiberiti mfukoni. Aliirudisha kwenye kamba, akainyoosha pembe zote, tukashuka.