Faida na Hasara za Chumba

Kila asubuhi, kabla ya saa mbili, watu walikuwa wamekwisha kupanga foleni mbele ya dirisha la Illuminée. Hakuna aliyesukumana wala kupiga kelele. Ilikuwa Novemba 1994, miezi michache baada ya mauaji ya kimbari, na Kigali ulikuwa mji wa watu wanaosema polepole.

Dirisha hilo lilikuwa Kacyiru, kwenye ofisi ndogo ya kuandikisha watu. Illuminée alikuwa na fomu za aina tatu. Nyeupe ilikuwa ya mtu anayetafuta kazi. Ya njano ilikuwa ya mtu asiye na mahali pa kulala. Ya bluu ilikuwa ya mtu anayemtafuta ndugu yake. Kwa hiyo swali lake la kwanza lilikuwa lilelile kwa kila aliyefika.

"Karibu, mzee. Nikusaidie nini?"

"Niko natafuta dada yangu," alijibu mzee mmoja aitwaye Cyriaque. Alikuwa amerudi kutoka Burundi, na kofia yake alikuwa ameishika mkononi. "Anaitwa Mukagasana."

Illuminée alichukua fomu ya bluu. Jina. Umri. Mtaa. Aliandika, akagonga muhuri.

"Tutakuita, mzee."

"Mulisema hivyo mwezi uliopita, mwanangu. Nimekuja tena kwa sababu nyumbani hakuna mtu wa kumwambia kwamba sijaitwa."

Illuminée aliiweka fomu juu ya nyingine. Yeye pia alikuwa amejaza fomu ya bluu, siku yake ya kwanza kazini. Alizaliwa Bujumbura, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa Rwanda. Mama yake alikuwa mgonjwa, amebaki kule. Mdogo wa mama yake, Médiatrice, hakukimbia zamani zile. Alibaki Kigali. Sasa hakuna aliyejua aliko. Kila jioni Illuminée alipitia majibu yaliyotoka kwenye kambi na hospitali, akitafuta jina hilo moja. Kisha alifunga dirisha, akatembea hadi Kimironko, kwenye chumba chake cha uani. Alikula mkate na chai akiwa amesimama. Ukikaa mezani peke yako, unaona viti vilivyo tupu.

Siku moja mkuu wa ofisi, Bwana Gratien, alimwita.

"Illuminée, Kifaransa chako ni kizuri sana. Lakini wageni wa mashirika ya misaada wanaandika Kiingereza. Kuanzia Januari, mtu wa dirishani lazima awe na cheti cha Kiingereza. Nisamehe. Si mimi niliyeamua."

Illuminée alielewa. Bila cheti hakuna dirisha. Bila dirisha angerudi Bujumbura. Na nani angepitia yale majibu kila jioni kwa ajili ya Médiatrice?

Cheti kilitolewa na chuo kidogo cha jioni kilichokuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Illuminée alikwisha kujiunga nacho tangu Oktoba. Mwalimu Ntare, aliyekulia Uganda, aliwapa wanafunzi insha nne. Ilikuwa lazima kufaulu zote nne. Illuminée alikuwa ameandika tatu. Zote tatu zilirudi zimejaa wino mwekundu.

"Nyabo," alisema Mwalimu Ntare, kama wasemavyo kule Uganda wakimheshimu mwanamke, "sarufi yako ni safi kuliko ya wote hapa. Lakini hujibu swali."

"Nimejibu, Mwalimu. Kurasa tatu kila moja!"

"Umejibu swali jingine kurasa tatu. Ziandike upya. Nizione Ijumaa ijayo, pamoja na ile ya nne. Baada ya Ijumaa ninafunga daftari."

Illuminée alirudi nyumbani, akaketi kwenye ngazi ya uani na karatasi zake mapajani. Upepo ukavuta moja, ukaipeleka hadi kwenye baraza ya jirani.

Jirani huyo watu walimwita Mama Muhire. Jina lake hasa lilikuwa Gahongayire. Alikulia Karagwe, Tanzania, akafundisha Kiingereza sekondari kwa miaka ishirini. Sasa alikuwa akingoja shule zifunguliwe, na huku akitengeneza nguo za watu kwa sindano. Mwanawe wa pekee, Muhire, alikuwa askari, mbali huko Cyangugu. Kwa miezi miwili Illuminée na mama huyu walikuwa wamesalimiana tu. Siku zile watu waliogopa kuulizana habari. Ukimwuliza mtu habari za nyumbani, huenda ukagusa kidonda.

Mama Muhire aliokota karatasi. Akavaa miwani. Mwalimu hawezi kushika karatasi ya mwanafunzi asiisome. Alisoma, akatikisa kichwa, kisha akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Binti, njoo hapa! Swali limesema: eleza chumba unacholala. Nawe umeandika: 'Kuna watu wanaosema chumba kina faida. Kuna watu wanaosema chumba kina hasara.' Ni watu gani hao? Wamekuja kulala kwako?"

Illuminée aliona haya. Lakini ilikuwa miezi mingi tangu asikie mtu akicheka hivyo, naye midomo ikamcheza.

"Ndivyo masista walivyotufundisha Bujumbura," alisema. "Unaanza na utangulizi. Unaweka upande wa kwanza. Unaweka upande wa pili. Mwisho unakaa katikati. Tulipata alama nzuri."

"Umbo hilo si baya. Lina swali lake. Ukiambiwa jadili, pima pande mbili, litumie. Lakini wewe umelivalisha kila swali. Lete hizo nyingine."

Insha ya pili iliuliza: linganisha masoko mawili unayoyajua. Illuminée alikuwa ameandika kwamba masoko yana faida, tena yana hasara. Insha ya tatu iliuliza: je, watu wazima warudi shuleni? Toa maoni yako. Alikuwa ameandika kwamba wengine wanakubali, wengine wanakataa.

"Na wewe?" aliuliza Mama Muhire.

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Warudi, wasirudi?"

"Kuna upande mmoja ambao..."

"Sikuulizi habari za pande. Nakuuliza wewe mwenye miguu iliyochoka kwa kwenda chuoni!"

"Warudi!" alisema Illuminée kwa sauti, mpaka kuku wa uani akashtuka. "Mimi mwenyewe si nimerudi?"

"Haya. Sasa una insha. Sema hivyo mwanzoni, kisha toa sababu zako. Yule anayekataa usimfiche. Sema anachodai, halafu mjibu. Lakini msomaji asifike mwisho akiuliza mwandishi amesimama wapi."

Mama Muhire alivuta kigoda cha pili karibu.

"Kaa. Niambie, unafanya kazi gani?"

Illuminée alimweleza habari za dirisha na fomu tatu.

"Je, mtu akija kumtafuta mtoto wake, wewe unampa fomu ya njano?"

"Hapana! Ya njano ni ya mahali pa kulala."

"Na ukitoa fomu ya njano kwa watu wote, kwa kuwa umeizoea na mwandiko wako ni mzuri?"

Illuminée alitazama insha zake tatu. Ndivyo alivyofanya. Aliwapa watu watatu wenye haja tatu fomu moja.

"Basi swali la insha ni mtu aliyesimama dirishani," alisema Mama Muhire. "Usishike kalamu kabla hujamsikia. Lisome swali mara tatu. Piga mstari chini ya neno linaloamuru. Neno hilo linasema eleza? Basi msomaji anataka kuona kwa macho. Mpe rangi, sauti, harufu. Linasema simulia? Anataka tukio, nini kilianza, nini kikafuata. Linganisha? Chukua jambo moja, litazame pande zote mbili papo hapo. Ukitaja sauti za soko la Bujumbura, taja na za Kimironko. Usimalize soko moja lote ndipo ukumbuke jingine."

"Na kama neno la kuamuru silijui?"

"Muulize mwalimu kabla, si baada. Wino mwekundu ni jibu lililochelewa. Haya, eleza chumba chako. Nione."

"Ni kidogo. Kina kitanda."

"Hata cha rais kina kitanda. Chako kina nini?"

Illuminée alifikiri. "Kuna alama ukutani," alisema taratibu. "Mtu aliyekaa pale zamani alikuwa akipima urefu wa mtoto. Kuna mistari mitano ya penseli. Mstari wa juu unanifika kifuani. Juu yake hakuna mwingine."

Mama Muhire alivua miwani. Sufuria ilikuwa ikichemka ndani.

"Andika hiyo, mwanangu," alisema mwishowe. "Usiseme inasikitisha. Andika mistari mitano tu."

Kisha akainuka. "Nimepika maharagwe. Ni mengi. Mkono wangu haujajifunza kupika ya mtu mmoja."

Jioni hiyo Illuminée alikula akiwa ameketi.

Wiki nzima alikwenda kwenye baraza ile akitoka kazini. Aliandika, Mama Muhire akasoma. Kila aya, mama yule aliuliza swali moja: "Aya hii inajibu lile neno ulilopigia mstari?" Kama haijibu, Illuminée aliifuta, hata kama Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Mara mbili aligoma.

"Aya hii nimeitolea jasho, Mama!"

"Jasho si jibu. Futa."

Alhamisi ilibaki insha ya nne. Swali lilisema: eleza mtu unayemjua vizuri. Illuminée alipiga mstari chini ya 'eleza'. Kisha akaweka kalamu chini.

"Hii siiwezi. Hapa Kigali hakuna mtu ninayemjua."

Mama Muhire alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Hakuinua macho. "Haya," alisema tu, akaendelea kutia uzi. Uzi ulikataa kuingia.

Illuminée alimtazama. Alimwona akilamba ncha ya uzi mara tatu. Alimwona akigeuza sikio kila pikipiki ilipopita barabarani, kama mtu anayengoja barua. Aliona mezani sahani mbili, akakumbuka kwamba zilikuwa mbili hata siku zile yeye Illuminée alipokuwa akipita na kusema habari za jioni bila kusimama. Akashika kalamu tena. Aliandika hadi giza likaanza kuingia, na siku ile hakumwonyesha Mama Muhire.

Ijumaa alimpa Mwalimu Ntare insha zote nne. Jumatatu zilirudi. Ya chumba ilifaulu. Ya masoko ilifaulu kwa shida, kwa kuwa mwisho aliisahau Bujumbura. Ya watu wazima ilifaulu. Chini ya ile ya nne Mwalimu Ntare aliandika kwa wino mwekundu: "Nyabo, mama huyu nimemwona. Msalimie."

"Eti nani ananisalimia?" aliuliza Mama Muhire. Illuminée alimpa karatasi. Mama Muhire aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akaitia kwenye kikapu chake cha nyuzi. Hakuirudisha.

Cheti kilitoka mwanzoni mwa Desemba. Bwana Gratien alikiweka kwenye faili, na Illuminée akabaki dirishani.

Lakini kuna jambo lililobadilika pale. Asubuhi moja mzee Cyriaque alirudi, kofia mkononi. Illuminée alifungua kasha la fomu za bluu. Wanawake walioitwa Mukagasana walikuwa sita, umri wao ukikaribiana. Fomu ilitaja jina, umri na mtaa tu. Mtu hakuonekana. Illuminée aligeuza karatasi upande wa nyuma, usioandikwa kitu.

"Mzee, acha jina kwanza. Dada yako yukoje?"

"Ni mzee kama mimi."

"Hata mimi nitakuwa mzee. Yeye ana nini ambacho wengine hawana?"

Cyriaque alifikiri. Kisha akatabasamu. "Ukienda kwake, hukai. Kwanza lazima anyooshe mkeka. Hata kama umenyooka, yeye ataunyoosha. Tulikuwa tukimcheka sana."

Illuminée aliandika hayo kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, akayatuma kwenye kambi na hospitali pamoja na karatasi nyingine. Baada ya siku kumi na mbili jibu likaja kutoka kituo kimoja cha wagonjwa. Muuguzi aliandika: "Bikizee wa mikeka? Tunaye. Hapa ananyoosha shuka za wenzake wote." Cyriaque aliposomewa, alivaa kofia yake palepale dirishani, akaenda.

Usiku kabla ya Noeli Illuminée alimwandikia mama yake Bujumbura. "Usiniandikie umri wa Médiatrice. Niandikie yukoje." Jibu lilifika kwa basi mwezi wa kwanza: akicheka hufunika mdomo kwa kiganja cha kushoto, hawezi kupita penye mti wa avokado asiokote moja, akiitwa haitiki mara ya kwanza, hungoja ya pili.

Illuminée aliyaandika vizuri kwenye karatasi ya bluu, akaibandika ukutani nje ya dirisha, pamoja na za watu wengine. Hakuna aliyekuja kusema amemwona. Hata leo bado hajaja mtu.

Jioni anakula kwa Mama Muhire. Asubuhi anafika mapema kuliko foleni. Ananyoosha ile karatasi ukutani, hata kama imenyooka. Analitaja jina mara moja kwa sauti ndogo, halafu mara ya pili. Kisha anaingia, anafungua dirisha, na kumwambia wa kwanza:

"Karibu. Unamtafuta nani? Niambie yukoje."